Wazee wataka kurekodi tena

Prodyuza akabonyeza kitu kwenye laptopu, mle kwenye hedifoni ikaanza tik, tik, tik, tik, na mjomba wangu akaondoa mikono kwenye kibodi akageuka kuniangalia.

"Nani huyo yuwagonga?"

Hakuna mtu mjomba, hiyo ni kliki, ni kompyuta yakushikia mwendo usikimbie wala usichelewe, siku hizi kila mtu hurekodi hivyo.

"Mwendo wa bendi yetu alikuwa nao mpiga dramu. Na yule tushamzika."

Kimya.

Prodyuza ni kijana mstaarabu, studio yake chumba kimoja nyuma ya duka la simu, ukutani kagandisha magodoro, mlango ukifungwa joto lote la Malindi laingia humo mwakaa nalo. Akaizima kliki bila neno, akasema twendeni tukanywe chai kwanza. Tukanywa. Mzee wa besi akamaliza sahani ya viazi karai peke yake na hakuna aliyemsemesha. Siku hiyo hatukurekodi hata noti moja, na pesa ya zile saa nilitoa mimi.

Toka hapo kuna jambo lanikera wiki nzima nzima, nikilala laja, nikiamka liko. Wazee hawa wa bendi ya mjomba, iliyovunjika zamani, wakirudi, warudi na nini hasa?

## Kaseti ya fundi wa Ngomeni

Habari za bendi za hoteli siwaelezi, mwazijua, na kama hamzijui mna baba au ami au jirani aliyekuwemo. Shati la maua, nyimbo za kukaribisha wageni, saa nne usiku Wataliano wataka nyimbo za kwao, mwapiga. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mjomba miaka ya 80 mpaka katikati ya 90.

Kisichojulikana sana ni kwamba kulikuwa na zamu ya pili.

Wageni wakishalala, waweita wanakusanya glasi, wale wanne walikuwa wakipiga vitu vyao. Na vitu vyao havikuwa chakacha wala taarab wala rumba, ingawa vyote vilikuwemo humo ndani. Nyimbo ndefu zenye kona, mwendo wabadilika katikati, kinanda chashika njia yake na gitaa lakifuata kwa mbali, mara wote wanyamaza abaki mpiga dramu na vijiti vyake, halafu warudi kwa pamoja pale usipotarajia. Mimi nilikuwa mtoto, nikipelekwa nikalala kwenye viti, lakini vile vitu viliniingia.

Na vilitoka kwa kaseti. Kuna fundi mmoja Mtaliano aliyekuwa akifanya kazi kituo cha San Marco pale Ngomeni. Watu wakisikia Wataliano wa Malindi wafikiria majumba ya Casuarina na jelato, wasahau kwamba kabla ya hayo walikuja na roketi, satelaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka baharini hapo Ngomeni mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa ile ya Wamarekani ya kuchunguza eksirei za angani, ikaitwa Uhuru. Sasa miaka hiyo hiyo huko kwao Italia vijana walikuwa wameshikwa na wazimu wa roki ya progresivu, hizo hizo nyimbo ndefu zenye kona. Premiata Forneria Marconi, yaani PFM, Banco del Mutuo Soccorso, Le Orme, Area, kila mji na bendi yake. PFM walifika mbali mpaka 1973 wakatoa albamu ya Kiingereza chini ya Manticore, lebo ya wale Emerson, Lake & Palmer. Fundi wetu alikuwa na muziki huu kwenye begi lake, na siku moja akamwachia mjomba kaseti ya PFM.

Mjomba alidhani mle ndani kuna kwaya na watu wa fidla kumi na kitu. Fundi akamwambia hapana, hicho ni kinanda, chaitwa melotroni. Ukibonyeza, kipande cha utepe kilichorekodiwa fidla au sauti za watu chaanza kupita, na kila kibonyezo kina utepe wake. Lakini utepe wenyewe wadumu kama sekunde 8 tu. Ukishikilia zaidi ya hapo sauti yakatika, yabidi uachie ndiyo irudi mwanzo.

Mpaka leo mjomba hajawahi kukiona kinanda hicho kwa macho. Ila alijifundisha kuachia vibonyezo kabla ya sekunde 8 kwisha, kwenye kibodi ya hoteli ambayo haikuhitaji kuachiwa chochote. Wenzake wakimcheka. Na ukimsikiliza leo bado huachia, vidole vyake vinapumua kwa saa ya mashine ambayo hakuwahi kuigusa.

Bendi ilikufa kwa yale yale yanayoua bendi zote za hapa, pesa, na meneja kuona diijei mmoja ni rahisi kuliko watu wanne. Na mpiga gitaa kuacha muziki. Hilo la mwisho nalijia.

## Wenzao walifanyaje

Mjomba aliponiambia wataka kurekodi mimi nilicheka, yeye hakucheka. Akaniuliza, "Wewe wa intaneti, niangalizie. Wenzetu wakubwa walioachana miaka mingi wakarudi, walifanyaje?"

Nikaingia huko nikachelewa kutoka.

Waliomkaa moyoni ni Van der Graaf Generator. Waingereza, mwaka 1971 walitoa albamu ambayo upande mmoja mzima wa sahani ni wimbo mmoja wa dakika 23, walivunjika 1978, kila mtu akashika lake kwa robo karne. Desemba 2003 mwimbaji wao Peter Hammill akapata mshtuko wa moyo. Akapona. Februari iliyofuata wakajifungia nyumba moja kuukuu kule Devon, Hammill, Hugh Banton, Guy Evans na David Jackson, wakapiga tu. Kilichotoka humo kikaja 2005 kwa jina la Present, disiki mbili, ya kwanza nyimbo, ya pili ni wao wakibuni papo hapo, hakuna maneno, hakuna mpango. Mei mwaka huo ndiyo wakapanda jukwaani Royal Festival Hall, London.

Ile disiki ya pili si tamu, nasema ukweli. Kuna mahali wanatafutana kama dakika mbili hivi na hawaonani. Mtu mwingine angeikata. Wao wakaiacha, na mimi nikaanza kuipenda kwa sababu hiyo, kwamba kabla ya kumwonyesha mtu yeyote chochote walitaka kwanza kujua kama bado wanasikizana.

Mjomba aliisikiliza yote kwenye simu yangu, barazani, macho kafumba.

"Hawa hawakuja kupiga picha," akasema.

## Kitunguu

Mfano wa pili ulinitia baridi.

Yes, bendi ya Waingereza, hawa hata asiyependa mambo haya huenda kawasikia. Kufikia 1991 walikuwa kambi mbili, kila kambi ina albamu yake haijaisha, biashara ikaona mbona wasiunganishwe. Ikatoka albamu Union, watu 8 chini ya jina moja. Lakini kambi moja ilirekodi kwake na nyingine kwake, na sehemu za watu zikafutwa na prodyuza Jonathan Elias akaweka wapigaji wa kukodi. Rick Wakeman, mpiga kinanda wao, alichukia mpaka akawa haiiti Union, aiita Onion, kitunguu, kwa sababu kila akiisikia yamtoa machozi.

Nikaisoma hiyo nikaona ile siku yetu studioni. Kila kitu kilikuwepo. Kliki. Kila mzee kuingia peke yake. "Dramu nitaziprogramu, usijali." "Gitaa nina plagini nzuri sana ya kompyuta." Na kijana hakuwa mbaya, kwa kazi anazofanya kila siku huo ndio utaratibu, msanii aja na maneno, biti iko tayari, baada ya saa mbili mmemaliza. Lakini bendi ya mjomba ikikaribia kiitikio hukimbia. Siyo kosa, wote hukimbia pamoja, wafika juu pamoja, halafu washuka. Ukiwafunga na kliki utapata noti zote sawasawa na wimbo hutaupata.

Nilimwambia prodyuza hivyo kwa adabu, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu. "Sasa bro, mpiga dramu alifariki. Nani atakimbia nao?"

## Swali la mke wa mjomba

Halafu kuna mkewe mjomba, ambaye wote twamwogopa kidogo.

Yeye hoja yake ni fupi. Kama ni kukumbukana, si wapige usiku mmoja kwenye harusi ya mtoto wa fulani, watu washerehekee, yaishe. Kurekodi ni pesa, na hiyo rekodi watamuuzia nani?

Nikamhadithia Pink Floyd, bendi nyingine ya Waingereza, nikidhani namjibu. Tarehe 2 Julai 2005, Hyde Park, tamasha la Live 8, wale wanne wakasimama pamoja mara ya kwanza tangu 1981, Roger Waters pamoja na wenzake aliogombana nao mpaka kwa mawakili. Wakapiga, wakakumbatiana, dunia ikalia. Watu wakataka ziara, wakataka albamu, David Gilmour, mpiga gitaa wao, akakataa. Septemba 2008 Richard Wright, mpiga kinanda, akafariki, na mlango ukafungika.

Nilitaka aone uchungu wa jambo lililoachwa. Akaniangalia.

"Si umeona? Wakapiga wakaenda zao, na mpaka leo wasifiwa. Hakuna aliyeharibu kitu."

Wallahi nilinyamaza. Na siku kadhaa hapo nilikuwa upande wake, nikawa nasubiri tu namna ya kumwambia mjomba tuachane na jambo hili. Maana ukitazama kwa haki, usiku mmoja mzuri waishinda albamu mbaya kwa mbali, na mfukoni haudhuru. Na mimi kwa nini nawasukuma? Kwa ajili yao au kwa ajili ya yule mtoto aliyelala kwenye viti?

## Ustadh

Mpiga gitaa siku hizi ni ustadh. Asomesha watoto Qur'an, ndevu nyeupe, mtu wa heshima zake mtaani, na gitaa hajaligusa tangu alipoacha. Hakuacha kwa ugomvi. Aliona njia yake, akaliuza gitaa, basi. Mjomba naye ni mtu wa msikiti lakini kwenye hili la muziki wana rai mbili tofauti na walishalijadili kitambo wakalifunga, huswali safu moja na hawalitaji.

Mimi sikutaka twende. Kumfuata mtu kwenye jambo aliloliacha kwa imani yake ni kumkosea, na kwetu hapa maneno hayakawii kuenea. Mjomba akasema hatuendi kumwomba apige, twaenda kumwarifu, kwa sababu ule wimbo wao mrefu wa zamu ya pili ni wake pia na ni aibu ausikie njiani.

Tulimkuta barazani baada ya alasiri. Salamu ndefu, watoto hawajambo, mgongo vipi, kahawa ikaletwa. Mjomba akamweleza. Ustadh akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi simo, na mwajua sababu. Nyinyi mwajua yenu na Mola wenu."

Hapo nikadhani yamekwisha, nikaanza kutafuta viatu.

Mjomba akasema sawa ndugu yangu, nimekufikishia tu. Halafu kama mtu anayezungumza peke yake akasema shida yake ni ule mwisho, ile sehemu ya tatu, haijawahi kukaa sawa, maana walikuwa bado wanautengeneza bendi ilipovunjika. Yarudi mara mbili halafu yaingia kinanda, lakini yeye akiipiga aona pana pengo.

"Mara tatu," akasema ustadh.

Tukamwangalia.

"Hairudi mara mbili. Mara tatu, na ya tatu haimaliziki, wamwachia mwenye dramu." Akanywa kahawa. "Niliwaambia tangu wakati ule. Hamkunisikia."

Hakuimba, hakugonga hata kidole kwenye kikombe. Alisema tu, kama mtu asahihishaye hesabu ya mwanafunzi. Kisha akaongeza kwamba jina lake lisiandikwe popote, na akabadilisha mazungumzo, tukaongea habari za bei ya samaki mpaka magharibi.

Njiani mjomba hakusema kitu, ila nilimsikia anahesabu kwa pumzi. Moja, mbili, tatu.

## Wimbo ambao haukuisha

Hapo ndipo nilipotoka upande wa mkewe mjomba.

Maana kuna mfano mwingine nilikuwa nimeupita haraka. Alphataurus, bendi ya Milano. Walitoa albamu moja tu mwaka 1973, wakaanza ya pili, bendi ikavunjika nyimbo zikiwa hazina hata sauti ya mwimbaji. Zikatolewa vile vile nusunusu mwaka 1992. Halafu wakubwa wakarudi na kuongeza damu mpya, na 2012 wakatoa albamu ambayo ndani yake mna zile nyimbo za mwanzo, sasa zimekamilika. Karibu miaka 40 wimbo umekaa unangoja sehemu yake.

Pink Floyd usiku ule walipiga nyimbo zilizokwisha, kila mtu Hyde Park alizijua mpaka pumzi zake. Kwa nyimbo za namna hiyo usiku mmoja watosha, mkewe mjomba yuko sahihi kabisa na sitabishana naye tena. Lakini wimbo wa wazee wetu haujawahi kusikika mzima na mtu yeyote, hata wao. Ukipigwa harusini utapigwa ukiwa na pengo lile lile. Kama wana sababu ya kuingia studio ni hiyo moja tu, na zile nyimbo nyingine walizokuwa wamepanga, za kukaribisha wageni na kadhalika, nimewaambia waziache.

Mzee wa besi alinuna. Zile ndizo alizokuwa akiimba yeye.

## Gitaa halina mtu, dramu ina mtu

Prodyuza, alipoona tumerudi na tumechangamka, akaleta kijana wa gitaa. Kijana ana mkono, sikatai, vidole vyake ni vyepesi kuliko vya mtu yeyote mwenye umri wangu. Akapiga sehemu ya ustadh baada ya kusikia kaseti ya zamani ya bendi mara moja. Sawasawa kabisa.

Mjomba akamshukuru, akampa nauli, akasema hatutaweka gitaa.

Nikamkumbusha Van der Graaf. Baada ya ile albamu ya 2005 David Jackson, mtu wa saksofoni, akaondoka. Saksofoni yake ilikuwa nusu ya sura ya bendi. Hawakutafuta mwingine. Wakabaki watatu, Banton akiendelea kupiga besi kwa miguu kwenye pedali za ogani kama alivyokuwa akifanya zamani, na 2008 wakatoa albamu watatu vile vile. Mjomba alipenda sana hiyo ya miguu, akajaribu nyumbani, mkewe akamwambia aangalie goti.

Lakini dramu ni jambo jingine. Tulijaribu bila dramu, ikawa yaanguka kila baada ya muda, hakuna wa kukimbia naye. Pengo la gitaa laweza kukaa likasikika, la dramu lavunja nyumba. Basi yuko kijana wa mtaa wa Barani apigaye dramu kanisani, akaja, akasikiliza, na yeye ndiye wa kwanza kusema, "Hawa wazee wakifika hapa wanaongeza, si ndiyo? Nami niongeze?" Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

Prodyuza kakubali kuwarekodi wote kwa mpigo mmoja, mikrofoni nne, bila kliki, feni imezimwa kwa sababu ya kelele. Itakuwa jehanamu humo ndani lakini ndivyo itakavyokuwa. Yuwalalamika kuhusu urefu, wimbo ni dakika 11 na ataka awakatie kipande cha dakika 4 cha redio. Mimi na yeye hilo tumekubaliana pembeni, kipande kitakatwa, wazee wataambiwa baadaye.

Kilichobaki ni jina. Mjomba ataka jina la zamani la bendi. Ustadh aliposikia alituma ujumbe kwamba jina lile alikuwemo yeye na marehemu pia, na yeye hataki kuwemo. Nikapendekeza kile walichofanya wale wanne wa Yes mwaka 1989 waliposhindwa kulitumia jina kwa sababu lilikuwa kwa kambi nyingine, wakaandika majina yao kwenye kava, Anderson Bruford Wakeman Howe, likawa ndilo jina la bendi. Mzee wa besi kaafiki haraka, sharti lake jina lake litangulie. Mjomba yuwasema ikiwa ni hivyo basi kijana wa Barani naye aandikwe, na la marehemu liwekwe mwanzo kabisa, kabla ya lao wote. Mzee wa besi hajajibu tangu juzi, na kwenye grupu la WhatsApp ameona.